Uzito wa Raketi ya Tenisi: Jambo Ambalo Mizani Peke Yake Haiwezi Kulieleza

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia jioni moja akiwa na raketi mbili za tenisi kwapani. Ya kwanza, ambayo alikuwa akiitumia kwa mwaka mzima, ilikuwa na gramu 320. Kiwiko chake kilipoanza kumwuma, wenzake walimshauri atafute raketi nyepesi zaidi, naye akaazima ya pili, yenye gramu 280. Kwa mshangao wake, raketi hiyo nyepesi ilimchosha mkono upesi kuliko ile nzito. "Mwalimu," aliniuliza, "mizani ya maabara imekosea, au mkono wangu ndio uliokosea?"

Mizani haikukosea, wala mkono haukukosea. Viwili hivyo vilikuwa vikipima vitu viwili tofauti. Katika makala hii tutaeleza tofauti hiyo, tutaonyesha jinsi ya kuipima kwa vifaa vinavyopatikana katika shule yoyote, kisha tutaona namna elimu hiyo inavyomsaidia mchezaji kuchagua raketi inayoufaa mchezo wake na mkono wake.

Nyundo iliyogeuzwa

Tuanze na jaribio ambalo halihitaji raketi. Chukua nyundo, uishike mwishoni mwa mpini kama fundi anavyoishika, kisha uitikise upesi kushoto na kulia. Sasa igeuze: shika kichwa cha chuma, uache mpini uelekee mbele, uitikise tena. Mara ya pili nyundo itaonekana nyepesi mno, ingawa hukuipunguzia hata gramu moja. Anayelima kwa jembe au kupasua kuni kwa shoka analifahamu jambo hili kwa mikono yake, hata kama hajawahi kulipa jina.

Tungamo la nyundo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, halikubadilika. Uzito wake, yaani kani ambayo dunia huivuta nayo, haukubadilika pia. Kilichobadilika ni umbali kati ya chuma na mkono. Kitu kinapozungushwa, ugumu wa kukianzisha au kukisimamisha hautegemei tungamo lake tu, bali hutegemea pia mahali tungamo hilo lilipo. Ugumu huo wanafizikia huuita momenti ya inesha.

Ili kuipata momenti ya inesha, tunakigawa kitu katika vipande vidogo vidogo. Tungamo la kila kipande huzidishwa kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili wa mzunguko, kisha majibu yote hujumlishwa. Neno la kuzingatia hapa ni "mraba". Kipande kikisogezwa mbali mara mbili, mchango wake huongezeka mara nne. Kikisogezwa mara tatu, huongezeka mara tisa.

Tuone maana yake katika raketi. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.5 hivi, na mchezaji anayeshika mwisho wa mpini tunaweza kumhesabia mhimili ulio sentimita 10 kutoka kitako cha mpini. Tukibandika gramu 10 kwenye ncha ya kichwa, umbali wake kutoka kwenye mhimili ni mita 0.585. Momenti ya inesha itaongezeka kwa:

0.010 × 0.585 × 0.585 = kilogramu-mita mraba 0.0034

Gramu hizo hizo 10 tukizibandika kwenye kitako cha mpini, umbali ni mita 0.10, na ongezeko ni:

0.010 × 0.10 × 0.10 = kilogramu-mita mraba 0.0001

Kwenye mizani, raketi hizo mbili ni sawasawa kabisa. Kwa mkono unaozizungusha, nyongeza ya kwanza ni kubwa mara 34 kuliko ya pili. Kwa hiyo mchezaji anayesoma idadi ya gramu peke yake amesoma nusu tu ya habari.

Vipimo vitatu

Raketi inahitaji kupimwa mara tatu: tungamo lake, mahali pa kitovu chake cha graviti, na momenti yake ya inesha.

Tungamo hupimwa kwa mizani ya maabara, raketi ikiwa na nyuzi zake. Kitovu cha graviti hupatikana kwa kuilaza raketi juu ya ukingo wa rula iliyosimamishwa kwa ubavu, na kuisogeza polepole hadi itulie bila kuinama upande wowote. Weka alama mahali hapo, kisha pima umbali wake kutoka kitako cha mpini. Raketi ambayo kitovu chake kiko chini ya nusu ya urefu wake, yaani chini ya sentimita 34 hivi, ina uzito mpinini; ile ambayo kitovu chake kiko juu ya nusu ina uzito kichwani.

Kipimo cha tatu ndicho kinachovutia zaidi. Howard Brody, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, ambaye mwaka 1979 alichapisha utafiti kuhusu fizikia ya raketi ya tenisi, mwaka 1985 aliwaandikia walimu wa fizikia makala juu ya kupima momenti ya inesha ya raketi. Jaribio lifuatalo limejengwa juu ya kanuni ya pendulamu, ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma darasani.

Jaribio: raketi kama pendulamu

Vifaa: raketi, spoki iliyonyooka ya baiskeli, ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu, madawati mawili ya kimo kimoja, rula ya mita moja, na saa inayoonyesha sehemu za sekunde. Saa ya simu ya mkononi inafaa.

Hatua ya kwanza: Pima sentimita 10 kutoka kitako cha mpini. Hapo funga spoki kwa ukanda wa mpira, ikiukata mpini kwa pembe mraba na ikilala sambamba na uso wa nyuzi.

Hatua ya pili: Sogeza madawati yaachane kidogo. Laza ncha mbili za spoki juu ya kingo za madawati, kichwa cha raketi kikining'inia chini. Hakikisha hakuna kinachogusa raketi.

Hatua ya tatu: Vuta kichwa kidogo, kisichozidi nyuzi 10 za pembe, kwa upande ambao uso wa nyuzi unaelekea, kisha kiachie. Hesabu safari 20 kamili za kwenda na kurudi, na uandike muda wake. Rudia mara tatu, utafute wastani. Gawanya kwa 20 upate kipindi, T.

Hatua ya nne: Tafuta d, yaani umbali kati ya spoki na kitovu cha graviti. Kama kitovu kiko sentimita 31.5 kutoka kitako, basi d ni 31.5 kutoa 10, yaani sentimita 21.5.

Hatua ya tano: Kokotoa momenti ya inesha, I, kwa kanuni:

I = m × g × d × T² ÷ 4π²

ambapo m ni tungamo kwa kilogramu, g ni 9.8, d ni umbali kwa mita, na 4π² ni 39.5 hivi.

Mwanafunzi mwangalifu atauliza: je, spoki yenyewe haiharibu kipimo? Haiharibu, kwa sababu iko kwenye mhimili, na umbali wake ni karibu na sifuri. Hilo nalo ni somo. Makosa makubwa hutoka kwenye muda, kwa kuwa T hupigwa mraba: kosa la asilimia 1 katika muda huleta kosa la asilimia 2 katika jibu. Ndiyo maana tunahesabu safari 20 badala ya moja.

Raketi mbili za yule mwanafunzi tulizipima hivyo hivyo, tukapata matokeo haya:

Raketi ya kwanza: tungamo kilogramu 0.320, kitovu cha graviti sentimita 31.5, safari 20 kwa sekunde 26.7. Momenti ya inesha: 0.0304.

Raketi ya pili: tungamo kilogramu 0.280, kitovu cha graviti sentimita 35.5, safari 20 kwa sekunde 26.9. Momenti ya inesha: 0.0321.

Jibu la swali lake likawa wazi mezani. Raketi iliyokuwa nyepesi kwa gramu 40 ilikuwa ngumu zaidi kuzungusha kwa zaidi ya asilimia 5, kwa sababu waliopunguza gramu hizo walizipunguza mpinini, wakaacha kichwa kikiwa kizito. Thamani hizi huandikwa pia kwa kilogramu-sentimita mraba; kwa kipimo hicho raketi ya kwanza ina 304 na ya pili ina 321.

Mpira unapogonga nyuzi

Sasa tujiulize: kwa nini basi kila mtu asitafute raketi yenye momenti ndogo kabisa? Jibu linapatikana katika muda mfupi sana ambao mpira huwa umegusana na nyuzi, sehemu 5 hivi za elfu moja ya sekunde.

Kwa mujibu wa sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, tungamo la mpira wa kawaida ni kati ya gramu 56.0 na 59.4. Tuseme mpira wa gramu 58 unakuja kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na unarudishwa kwa mita 25 kwa sekunde. Mabadiliko ya kasi ni mita 45 kwa sekunde, maana mwelekeo umegeuka. Mabadiliko ya momenta ni 0.058 × 45, yaani 2.6. Tukigawanya kwa sekunde 0.005 tunapata kani ya wastani ya nyutoni 520 hivi. Huo ni uzito wa mtu mwenye kilogramu 53: ni kana kwamba mwanafunzi mzima amesimama juu ya nyuzi kwa kitambo hicho kidogo.

Sheria ya tatu ya Newton inatwambia kwamba kani hiyo hiyo huisukuma raketi nyuma. Kitu chenye inesha ndogo husukumwa kwa urahisi. Kwa hiyo raketi nyepesi mno hutikisika na kuyumba zaidi mkononi, na mpira usiopigwa katikati huigeuza kwa nguvu zaidi. Kinachobaki cha mshtuko huo hupokewa na kiganja, kisha na misuli ya kigasha inayoshikamana na mfupa upande wa nje wa kiwiko. Kano za mahali hapo zikichoshwa mara kwa mara huleta maumivu yanayojulikana kama kiwiko cha tenisi. Wale waliomshauri mwanafunzi wetu atafute raketi nyepesi walikuwa na nia njema, lakini wepesi wenyewe unaweza kuongeza maumivu badala ya kuyapunguza.

Tena, wepesi hauleti kasi kubwa kama watu wanavyodhani. Mkono mzima wa mtu mwenye kilogramu 60 una kilogramu 3 hivi. Anayeirusha raketi anaurusha mkono wake pia. Kuondoa gramu 40 katika jumla ya gramu 3,300 ni kupunguza mzigo kwa asilimia 1 na kidogo tu.

Hata hivyo uzito nao una mpaka wake. Raketi isiyolingana na misuli ya mchezaji huchelewa kufika mahali pa kukutana na mpira. Anayechelewa hujaribu kufidia kwa kukunja kifundo cha mkono ghafula, na tendo hilo huumiza kiwiko kama mshtuko wenyewe. Kwa hiyo tatizo letu lina pande mbili: inesha kubwa huukinga mkono wakati wa pigo, lakini huuchosha kabla ya pigo.

Historia inatoa mfano

Katika enzi ya raketi za mti wachezaji hawakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua. Fremu ya mti haikuweza kupunguzwa sana bila kuvunjika, na raketi nyingi zilikuwa na gramu 370 hadi 400. Kwa raketi ya mti Björn Borg wa Sweden alitwaa ubingwa wa Wimbledon mara tano mfululizo, tangu 1976 hadi 1980. Zikaja fremu za chuma na za alumini, kisha za nyuzinyuzi za kaboni, ambazo ni imara na nyepesi. Hapo ndipo iliwezekana kutengeneza raketi ya gramu 300 au pungufu na kuamua kila gramu ikae wapi.

Hata hivyo, si mabingwa wote waliokimbilia wepesi. Pete Sampras wa Marekani, aliyeshinda Wimbledon mara saba kati ya 1993 na 2000, alibandika vipande vya risasi kwenye raketi yake ili kuiongezea inesha. Sheria zinamruhusu mchezaji kufanya hivyo: zinaweka mpaka wa urefu wa raketi, yaani sentimita 73.7, na mpaka wa ukubwa wa uso wa nyuzi, lakini haziweki mpaka wowote wa tungamo.

Namna ya kuchagua

Kutokana na maelezo haya tunaweza kutoa kanuni moja ya jumla: chagua raketi yenye inesha kubwa kiasi unachoweza kuizungusha kwa wakati hata mwishoni mwa mchezo, ukiwa umechoka. Usiijaribu raketi kwa mapigo matano dukani. Ijaribu kwa saa nzima kiwanjani. Ukianza kuupiga mpira ukiwa umekwisha kuupita mwili wako, raketi hiyo imekuzidi.

Kwa anayejifunza, ambaye pigo lake bado ni fupi, raketi ya gramu 260 hadi 285 yenye momenti isiyozidi kilogramu-sentimita mraba 300 kwa kawaida inatosha. Mchezaji aliyekomaa kiasi, mwenye pigo refu na la uhakika, anaweza kwenda gramu 285 hadi 305. Mwenye nguvu na mazoezi ya miaka mingi ndiye anayefaidi gramu 310 na zaidi.

Aina ya mchezo nayo ina uzito wake. Anayependa kukaa nyuma ya kiwanja na kupiga mapigo marefu ana nafasi ya kuizungusha raketi taratibu. Momenti kubwa humpa mpira wenye nguvu. Anayependa kusogea karibu na wavu hana nafasi hiyo. Huyu anahitaji raketi inayogeuka upesi, lakini isiyoyumba mpira unapoigonga. Kwake yafaa raketi yenye gramu nyingi ambazo kitovu chake kiko mpinini. Na mwenye historia ya maumivu ya kiwiko aepuke raketi iliyo nyepesi mno na yenye uzito kichwani kwa pamoja.

Shule yenye raketi moja

Najua kwamba walimu wengi watasema: haya yote ni mema kwa aliye na duka la kuchagulia, sisi tuna raketi tatu tulizopewa, na wanafunzi arobaini. Kwao fizikia ina msaada mkubwa zaidi kuliko kwa mnunuzi.

Kwanza, mhimili unaweza kuhamishwa bure. Mwanafunzi mdogo akiishika raketi ya gramu 320 sentimita 5 juu zaidi kwenye mpini, d inashuka kutoka sentimita 21.5 hadi 16.5. Momenti ya inesha inashuka kutoka 0.0304 hadi 0.0243, yaani kwa moja ya tano nzima. Hakuna raketi iliyonunuliwa wala fremu iliyokatwa.

Pili, raketi inayoyumba mkononi inaweza kutulizwa. Bandika gramu 5 kila upande wa kichwa, kushoto na kulia, kwa utepe imara. Vipande vidogo vya risasi vinavyouzwa kwa kazi hiyo vinafaa, lakini mwanafunzi anawe mikono baada ya kuvishika. Sarafu nyembamba pia zinafaa. Ongeza kidogo kidogo, upime, ucheze, kisha uamue.

Tatu, raketi yenye uzito kichwani inaweza kusawazishwa kwa kuongeza gramu kadhaa mpinini. Momenti haitapungua, lakini haitaongezeka sana, na kitovu cha graviti kitausogelea mkono.

Yule mwanafunzi aliirudia raketi yake ya gramu 320, akaishika sentimita 2 juu zaidi. Nilimwambia pia apumzike kwa muda na amwone daktari, kwa kuwa kiwiko kinachouma hakiponi kwa hesabu. Lakini aliondoka akijua kwamba mkono wake haukumdanganya. Ulikuwa umepima kitu halisi, ambacho mizani haikuwekewa namna ya kukiona.

Maswali ya kujipima

1. Gramu 15 zimebandikwa kwenye raketi sentimita 40 kutoka kwenye mhimili. Momenti ya inesha imeongezeka kwa kiasi gani?

2. Raketi ya kilogramu 0.300 ina d ya sentimita 22, na imefanya safari 20 kwa sekunde 26.4. Kokotoa momenti yake ya inesha.

3. Eleza kwa nini mtoto anayefyeka kwa panga la mtu mzima hulishika karibu na bapa.

Majibu: (1) Kilogramu-mita mraba 0.0024. (2) Kilogramu-mita mraba 0.0285 hivi. (3) Anapolishika karibu na bapa, tungamo kubwa la chuma huwa karibu zaidi na mhimili, na momenti ya inesha hupungua kwa mraba wa umbali.